Simu kwa kitanda cha mgonjwa: hatua moja kubwa inaokoa

Wenye kulala kambini kule Mongbwalu wanaijua ile sauti. Redio iko inaongea, simu iko pembeni yake, mara redio inaanza: trrr-trr, trrr-trr. Kisha kidogo simu inalia. Redio ilijua mbele yako kama kuna mtu anakuita, kwa sababu nguvu ya simu ilipita hewani ikaingia ndani ya nyuzi zake.

Kwa hospitali za hapa Bunia ni vile vile. Mashini yenye kuhesabu mapigo ya moyo, ile ya kupumulisha mgonjwa, ao ile ya kusukuma dawa polepole ndani ya mshipa, zote ziko na nyuzi sawa redio. Redio ikisumbuka, unakosa wimbo. Mashini ya mgonjwa ikisumbuka, ni mambo mengine.

Je, ni hatari kweli ao ni ukali wa waganga tu? Mwaka 2007, waganga wa Amsterdam, katika inchi ya Uholanzi, walijaribu mashini 61 bila kufunga mgonjwa juu yake. Mashini 26 zilisumbuka. Kuna ya kupumulisha yenye ilizimika na kuwaka upya. Kuna za kusukuma dawa zenye zilisimama kimya, bila kulia. Lakini mara nyingi simu ilikuwa karibu kabisa, santimetre chache tu. Mwaka ule ule, hospitali ya Mayo, Marekani, ilitangaza majaribio 300 na simu zenye kutumiwa kama kawaida: hakuna shida kubwa hata moja.

Basi, simu ya mtu mwenye kusimama uwanjani haiui mgonjwa. Hatari iko kwa simu yenye kulazwa juu ya mashini ao kando yake. Waganga wengi wanashika kipimo hiki: metre 1, hatua moja kubwa.

Tena mjue hivi: simu yenye kuwa karibu na antene inaongea polepole. Rezo ikiwa mbali, ao ukuta ukiwa mnene, inapaza nguvu, sawa mtu mwenye kuita toka ndani ya shimo. Na kuifunga sauti haitoshi. Hata ikinyamaza, bado inatafuta rezo. Uizime, ao uiweke kwenye alama ya ndege.

Wachimbaji wenye walitumika na baruti ya kuwasha kwa umeme hawatashangaa. Kule pia simu inaachwa mbali, juu nguvu ya hewani inaweza kuwasha kitu chenye hakuna aliyekiwasha.

Kuna hatari ingine yenye haipite hewani: prizi. Mashini ya oksijeni inaishi kwa kuranti. Usitoe fishi yake kwa kuchaji simu, hata dakika moja. Uliza muuguzi kwanza. Atakuonyesha pa kuchajia na pa kuongelea.

Na wewe baba mwenye uko kwenye karieri, patana saa na mama ya watoto: asubuhi ao jioni, atoke uwanjani mzungumze vizuri. Ukiita mara tatu asijibu, usikasirike haraka. Pengine ameacha simu mbali juu ya mtoto wenu.