Ziwa Tanganyika Halina Mchawi Mmoja

Dagaa wakiadimika na bei ikipanda, swali linalozunguka mialo ya Kigoma, yaani Kibirizi, Katonga na Ujiji, huwa lilelile: nani kamaliza samaki? Wapo wanaowataja wavuvi wa nyavu zenye macho madogo, wapo wanaowanyooshea kidole majirani wa Kongo na Burundi, na siku hizi wengi hutaja mabadiliko ya tabianchi. Kila jibu lina ukweli wake, na kila moja likiachwa peke yake linapotosha. Ziwa ni mfumo: vitu vingi vilivyoshikana hivi kwamba kinachoguswa hapa hujibu kule, mbali, na baada ya muda. Ufuo wa Ujiji ni shahidi. Mahali Livingstone na Stanley walipokutana mwaka 1871 palikuwa karibu na maji, na leo maji yako mbali. Chanzo hakikuwa Ujiji. Ng'ambo ya pili, Mto Lukuga, ambao ndio mlango pekee wa maji kutoka ziwani, ulikuwa umezibwa na matope na majani. Ulipozibuka miaka ya 1870, ziwa likashuka mita kadhaa na ufuo wa huku ukarudi nyuma.

Habari ya dagaa nayo inaanzia mahali pasipofikiwa na wavu. Ziwa hili lina kina cha karibu mita 1,470, na maji yake ya juu yana joto la nyuzi 24 hadi 28 hivi, ilhali ya chini ni kama nyuzi 23. Tofauti hiyo ni ndogo, lakini inatosha kuyafanya maji ya juu yawe mepesi, yakaelea bila kuchanganyika na mazito yaliyo chini. Kila kinachokufa huzama na rutuba yake, na rutuba hiyo hurundikana kilindini, kwenye giza na maji yasiyo na oksijeni. Kinachoitoa ni upepo. Kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusini-mashariki, ndugu wa kusi ya Pwani, husukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na kule kusini, upande wa Mpulungu nchini Zambia, maji baridi hupanda. Upepo ukitulia, matabaka hayo huyumba kurudi, mfano wa maji ya beseni lililoinuliwa upande mmoja kisha likashushwa, ila myumbo mmoja huchukua majuma kadhaa. Rutuba ikifika penye mwanga, mwani huota. Vijidudu vya majini hula mwani, dagaa hula vijidudu, migebuka hula dagaa. Kwa hiyo mvuvi anayewasha taa yake usiku wa giza mbele ya Kigoma anavuna kazi ya upepo uliovuma majuma mengi nyuma.

Sasa maji ya juu yanazidi kupata joto. Tofauti ya uzito inaongezeka, na upepo uleule unashindwa kuchanganya ulichokuwa ukichanganya zamani. Mwaka 2003 mtafiti Catherine O'Reilly na wenzake walikadiria kwamba uzalishaji wa mwani ulikuwa umepungua kwa takriban asilimia 20, na kwamba mavuno ya samaki yangeweza kushuka kwa kama asilimia 30. Wapo watafiti wa samaki waliopinga, wakisema mavuno hubadilika zaidi kwa mwenendo wa uvuvi wenyewe. Pingamizi hilo lina uzito, maana hesabu za mwaloni hupima samaki na juhudi za wavuvi kwa pamoja. Lakini mwaka 2016 mtafiti Andrew Cohen na wenzake walichapisha ushahidi wa matope yaliyochimbwa chini ya ziwa: mabaki ya samaki yalianza kupungua kabla ya uvuvi mkubwa wa kibiashara ulioingia katikati ya karne ya 20.

Je, basi wavuvi hawana hatia? Sivyo, na hapa ndipo kutafuta mchawi mmoja kunapotuponza. Dagaa huishi muda mfupi na kuzaliana haraka. Migebuka hukua polepole zaidi, na wachanga wao hunaswa pamoja na dagaa. Ukivua migebuka sana, dagaa hupungukiwa na adui. Ukivua dagaa sana, migebuka hukosa chakula. Juu ya hayo, mavuno yakishuka familia haipunguzi kula, kwa hiyo taa huongezwa na safari huwa ndefu, na samaki huzidi kupungua. Ziwa linalozalisha kidogo linavumilia uvuvi mdogo. Joto halimwondolei mvuvi lawama. Linapunguza kiasi anachoweza kuchukua bila kuharibu.

Ndiyo maana naunga mkono kufungwa kwa uvuvi, kama Tanzania ilivyofanya kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, ingawa najua miezi mitatu bila kipato ni mzigo mzito kwa mvuvi, kwa mama anayeanika dagaa na kwa mpagazi. Kwa kuwa mzigo ni mzito, tunawajibika kujua kama unazaa matunda. Miezi hiyo mitatu iliangukia ndani ya msimu wa upepo. Ziwa likifunguliwa na dagaa wakajaa, je, ni mapumziko au ni upepo mzuri wa mwaka huo? Wakikosekana, je, kufunga kumeshindwa au upepo ulikuwa hafifu? Hesabu ya samaki peke yake haiwezi kujibu. Nawaomba viongozi wa nchi nne za ziwa hili: vipimo vya upepo na vya joto la maji, kuanzia Kigoma hadi Mpulungu, viwekwe kando ya hesabu ya samaki, na vibandikwe mialoni ambako wavuvi watavisoma kabla ziwa halijafungwa tena.