Mnunuzi Anapobisha Hodi

Katika miji yetu ya mpakani nyumba hubadilisha wenyewe mara kwa mara. Mfanyabiashara huhama, mtumishi hustaafu akarudi kwao, mjane huamua kuishi karibu na wanawe. Habari ya nyumba inayouzwa husafiri kwa mdomo, kutoka sokoni hadi stendi ya bodaboda, na kesho yake wageni watatu wamesimama uani.

Polisi hawauzi nyumba, na msomaji ana haki ya kuuliza habari hii inatafuta nini katika jarida letu. Sababu ni kwamba siku ya kuonyesha nyumba ni siku ya pekee ambayo mtu humwalika asiyemjua aingie hadi chumba cha kulala, ahesabu madirisha, na aulize kwa upole saa ambazo wenyeji huwa kazini. Wengi wa wanaokuja ni wanunuzi wa kweli, nao wanastahili kupokewa vyema. Wachache huja kupeleleza.

Tuanze na raha ya mgeni. Fungueni madirisha na mapazia saa moja kabla hajafika, hasa kama jiko la kuni limeshikamana na nyumba na moshi umezoea kuta. Wapo wanaochoma udi ili kufunika harufu; kwa maoni yangu, udi mwingi humfanya mnunuzi ajiulize kinachofichwa. Ondoeni jerikeni na magunia ya mahindi ukumbini ili mtu apite bila kujikwaa, mfungeni mbwa, na fagieni njia ya kwenda chooni, kwa kuwa choo ndicho atakachokiangalia kwa makini kuliko sebule. Mpeni kiti na maji ya kunywa kabla ya kumtembeza. Aliyetoka mbali akapumzika huona nyumba. Aliyesimamishwa juani huona jua tu.

Mwiteni mchana, umeme uwepo au usiwepo. Nuru ya mchana humwonyesha mnunuzi ufa ukutani, nayo humwonyesha mwenye nyumba sura ya mnunuzi. Kama nyumba iko karibu na barabara kuu ya Malaba, msimvizie siku ambayo foleni ya malori ni fupi ili adhani mahali ni pa kimya. Atakuja kujua, na ugomvi wa mauziano yaliyokwisha mara nyingi huishia mezani petu kituoni. Paa likivuja wakati wa mvua, lisemwe.

Wengi hupata ugumu katika jambo moja. Mnunuzi hapendi kufuatwa nyuma kama mtuhumiwa. Anataka kusimama chumbani, kunyamaza, na kuwaza kitanda chake kitakaa wapi. Lakini kumwacha peke yake si busara. Njia iliyo nyepesi ni kuwa na wenyeji wawili: mmoja anamwongoza mgeni na kumwachia hatua chache, mwingine anakaa barazani na waliobaki. Wageni wakija kundi, waingie wawili wawili. Mmoja akiomba kwenda chooni wakati mwenzake anauliza maswali mengi jikoni, yule wa barazani amsindikize. Mgeni mwema haoni ubaya, kwa sababu kusindikizwa ni adabu yetu tangu zamani.

Kabla ya siku hiyo, simu, fedha, dawa za hospitali, hati za ardhi na vitambulisho vihamishiwe kwa jirani au vifungiwe kabatini. Picha za watoto wakiwa na sare za shule ziondolewe ukutani, kwa kuwa humweleza mgeni watoto wanasoma wapi. Funguo zisining'inie kwenye msumari karibu na mlango: dakika chache na kipande cha sabuni zinatosha kuchukua alama ya ufunguo. Mgeni akitaka kupiga picha, apige sebule, uwanja na paa. Kufuli na makaratasi hapana.

Wageni wakishaondoka, zungukeni nyumba yote kabla hamjaketi kuwajadili. Shikeni komeo la kila dirisha kwa mkono. Hila mojawapo ya kale ya wezi ni kulegeza komeo la dirisha la nyuma mchana, kisha kurudi usiku kupitia hapo.

Kuuliza jina na kitambulisho kabla ya ziara si dharau, na hapa mpakani kuna sababu ya ziada. Iteso na Wasamia wako pande zote mbili, na ni rahisi kusema, "Huyu ni ndugu yetu." Sheria haitazami lugha wala ukoo, hutazama uraia. Chini ya sheria za Uganda na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, asiye raia hupangishwa ardhi kwa muda tu, usiozidi miaka 99. Hawezi kuinunua moja kwa moja kama mwenyeji. Tena sehemu kubwa ya ardhi ya vijijini kwetu Osukuru ni ya kimila. Mnunuzi akielezwa hayo kwenye simu ataokoa nauli, nanyi mtaokoka na mkataba usio na nguvu.

Vivyo hivyo kwa mume na mke. Sheria ya Ardhi ya Uganda ya mwaka 1998 inazuia kuuza ardhi ambayo familia inaishi au inapata riziki bila idhini ya mwenzi, na Kenya ina Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013. Mume akionyesha nyumba kwa siri wakati mke yuko shambani, mnunuzi anaalikwa kwenye kesi. Kwa hiyo mnunuzi naye aulize: mama wa nyumba yuko wapi, na anajua?

Mwarifuni mwenyekiti wa kijiji, LC I, kwamba mtapokea wageni. Upande wa Kenya, naibu chifu au wazee wa Nyumba Kumi. Majirani wa mipaka waitwe siku ya kutembea mpaka, kila mmoja aonyeshe mikonge au jiwe lake mbele ya mnunuzi.

Fedha zisihesabiwe sebuleni, hata za kishika nafasi. Malipo yapitie benki, na anayebadilisha shilingi ya Kenya kuwa ya Uganda afanye hivyo katika duka la fedha lenye leseni, si kwa wabadilishaji wa barabarani. Mgeni akiwatia shaka, andikeni namba ya gari au ya pikipiki yake bila kugombana naye, kisha mpige 999 au 112. Namba hizo hutumika pande zote mbili za mpaka.