VIJIDUDU VILAVYO GESI YA SAMADI

Mkulima wa Meru, bila shaka umekwisha kuona jambo hili: ukikoroga shimo la samadi lililojaa maji, mapovu hupanda juu. Mapovu hayo yana methani, gesi ile ile inayowaka jikoni kwa wenye mitambo ya samadi, kama ile ambayo CAMARTEC ya Arusha imekuwa ikiisambaza tangu miaka ya 1980. Hufanywa na vijidudu vinavyoishi pasipo hewa.

Lakini karibu na uso wa udongo, ambako hewa hupita, mna vijidudu vingine vinavyoila methani. Vingi havijui chakula kingine ila hiyo, na methanoli itokanayo nayo; hata ukivipa sukari haviitaki. Kazi yao ni ya faida, maana methani ikitorokea angani hushika joto sana: katika miaka 100, kilo yake moja huzidi kilo moja ya hewa ya ukaa kwa kiasi cha mara 28.

Ili kuivunja methani, vijidudu hivi hutumia kimeng'enya chenye shaba. Shaba ikiadimika, baadhi yao hushika kingine chenye chuma. Kiasi kinachotakiwa ni kidogo mno, huwezi kukiona kwa macho.

Basi usidhani kuwa shaba nyingi ni bora zaidi. Kahawa yetu hupuliziwa dawa za shaba kuzuia chulebuni na kutu ya majani. Shaba haiozi. Hung'ang'ania udongo wa juu msimu baada ya msimu, na ikizidi hudhuru minyoo ya ardhi na vijidudu pia. Pulizia kwa kipimo alichokupa Bwana Shamba, wala usiongeze kijiko cha bahati. Bomba usilioshee penye mlango wa mtambo wa gesi: shaba nyingi huua hata vijidudu vifanyavyo gesi, na jioni jiko halitawaka. Ukipanda kahawa mpya, tafuta miche ya TaCRI ya aina zinazostahimili magonjwa hayo mawili.

Mbolea ya salfeti ya amonia nayo itumie kwa kiasi. Amonia hufanana na methani hata hukidanganya kimeng'enya, na ulaji wa gesi hupungua.

Tope litokalo mtambo lisambaze jembamba chini ya migomba, ulifunike kwa udongo na majani makavu. Usilimwage pale ng'ombe walipokanyaga udongo ukashindiliwa, kwa kuwa hewa haipiti hapo.