Kompyuta kuukuu na gemu za watoto: mzazi ajue nini kabla ya kutoa pesa

Mwezi huu tunaongea juu ya jambo linaloleta kelele katika familia nyingi: gemu za kompyuta. Watoto wanazitaka usiku na mchana. Baba anasema ni kupoteza pesa, mama anaogopa masomo yataharibika. Na muuzaji wa kompyuta za mtumba naye hakosi neno: "Chukua hii mama, inacheza kila kitu!"

Hakuna kompyuta inayocheza kila kitu. Lakini kompyuta kuukuu inatosha kabisa kwa gemu nzuri, mradi mzazi ajue mambo matatu: mashine ina nguvu gani, inakula umeme kiasi gani, na mtoto anacheza nini.

Gemu ya zamani kwa mashine ya zamani

Kila gemu hutengenezwa kwa ajili ya kompyuta za wakati wake. Age of Empires II, gemu ya kujenga miji na kulima mashamba, ilitoka mwaka 1999. Iliomba kumbukumbu ya megabaiti 32 tu, ile ambayo mafundi wanaiita RAM. Grand Theft Auto: Vice City ilipotoka kwa kompyuta mwaka 2003 iliomba megabaiti 128. Sasa chukua laptopu ya mwaka 2008 yenye gigabaiti 2: hiyo ni mara 16 ya kile ilichoomba Vice City. Lakini laptopu hiyo hiyo ukiiwekea gemu ya mwaka huu, itakwama hata kabla ya kufungua.

Basi shika kanuni hii rahisi: gemu iwe na umri wa miaka mitano au zaidi kuliko kompyuta. Hapo mara nyingi hutajuta.

Kabla ya kununua

Usinunue kompyuta iliyozimwa. Mwambie muuzaji aiwashe mbele yako, ikae nusu saa inafanya kazi. Ikizima yenyewe au ikichemka sana, huenda feni imejaa vumbi au imekufa. Vumbi fundi anaweza kulisafisha, lakini bei ishuke kwanza. Chomoa chaja uone betri inakaa dakika ngapi. Bonyeza kila herufi ya kibodi.

Kama inatumia Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika dxdiag, halafu bonyeza Enter. Itakuonyesha aina ya prosesa na ukubwa wa kumbukumbu. Hapo maneno ya muuzaji yanakwisha, unaona kwa macho yako. Kama kumbukumbu ni ndogo, muulize fundi kama mashine hiyo inakubali kuongezwa. Mara nyingi kuongeza kumbukumbu, au kubadilisha diski ya zamani kwa ile ya kisasa inayoitwa SSD, ni nafuu kuliko kununua kompyuta nyingine.

Jambo lingine: Microsoft iliacha kuihudumia Windows XP mwaka 2014, Windows 7 mwaka 2020, na Windows 10 mwezi wa Oktoba 2025. Kompyuta hizo bado zinacheza gemu bila intaneti, hakuna shida. Lakini usizitumie kwa mambo ya pesa wala namba za siri. Fundi anayejua Linux anaweza kukuwekea toleo jepesi, na lenyewe ni la bure.

Umeme wa sola si wa mchezo

Hapa ndipo familia nyingi zinaumia. Angalia karatasi iliyobandikwa kwenye chaja. Ukiona volti 19 na ampea 3.42, zidisha: unapata wati 65. Huo ndio mwisho wake, kwa kawaida inakula chini ya hapo. Tuseme wati 50 wakati wa gemu.

Betri ya gari ya volti 12 na ampea-saa 50 ina wati-saa 600, lakini haifai kuimaliza zaidi ya nusu, itakufa haraka. Basi unabaki na 300. Ukitoa na zile zinazopotea kwenye inveta, hiyo laptopu itakaa kama saa tano, na betri imekwisha. Balbu ya wati 5 ingewaka saa kumi kwa umeme wa saa moja tu ya gemu. Kama kuna mtoto wa darasa la nane anayesoma usiku, mzazi fikiria hilo kwanza. Kompyuta ya mezani yenye kioo kikubwa cha mgongo inaweza kula mara tatu ya laptopu. Kwa nyumba ya sola haifai.

Mama aliyedunduliza miaka mitatu

Tuna mfano wa mkimbizi mwenzetu. Lual Mayen alizaliwa njiani wakati wazazi wake wanakimbia vita vya Sudani Kusini, akakulia katika kambi kaskazini mwa Uganda. Alipoona kompyuta kwa mara ya kwanza, alimwambia mama yake kwamba anaitaka. Mama alidunduliza kidogo kidogo kwa miaka mitatu, zikafika dola 300, akamnunulia laptopu. Kijana alitembea saa tatu kwenda kuichaji.

Ndani yake alicheza hiyo hiyo Vice City, gemu ya bunduki na fujo. Lakini hakuishia kucheza. Alijifunza mwenyewe jinsi gemu zinavyotengenezwa, akatengeneza ya kwake inayoitwa Salaam, yaani amani, juu ya watu wanaokimbia vita. Mwaka 2018 alipewa heshima katika sherehe za The Game Awards kule Marekani. Si kila mtoto atafika huko, jamani, tusidanganyane. Ila mashine ile ile inayochezewa ndiyo inayoweza kufundisha.

Mtoto anacheza nini?

Vice City ni gemu ya watu wazima, wenye miaka 18. Mtoto aliyeona bunduki za kweli hana haja ya kurudishiwa usiku kwa njia ya mchezo. Uliza jina la gemu, kaa karibu, tazama hata dakika kumi.

Zipo gemu za bure kabisa, ndogo, zinazofaa mashine dhaifu. GCompris ni mkusanyiko wa michezo ya watoto wa miaka 2 hadi 10: hesabu, herufi, rangi. Katika Tux Typing samaki wanashuka na herufi, mtoto anaziandika upesi ili ndege aitwaye pengwini awale. Huku vidole vinajifunza kibodi. Katika Tux Math unajibu hesabu ili kuzuia vimondo visianguke. Zote zinachezwa bila intaneti. Mwombe fundi au mwalimu wa kompyuta akuwekee kwa flashi, lakini flashi ipimwe virusi kwanza.

Mwisho, wekeni utaratibu nyumbani. Saa ya gemu ijulikane, na iwe baada ya masomo na kazi. Na msichana naye apate zamu yake sawa na kaka yake. Isiwe yeye anapanga foleni ya maji huku kaka amekaa na kompyuta mpaka betri inakwisha.

Wenye maswali mtuletee, tutayajibu katika toleo lijalo.