Usikwepe Misa ya Krismasi eti kwa sababu mfuko umetoboka

DESEMBA imefika na simu za nyumbani zimeanza. "Unakuja lini?" mama anauliza. Wewe unajua vizuri M-Pesa imebaki na nini, nauli imepanda na viatu ni vile vile vya mwaka jana. Unamjibu, "Tutaona, mama," lakini moyoni umeshaamua: nyumbani hufiki, na kanisani pia hutaonekana. Utazima simu na kujifungia chumbani mpaka sikukuu ipite.

Kama ni wewe, ngoja kidogo. Unafanya hivyo kwa kudhani kwamba Krismasi ni ya waliofanikiwa. Hebu tazama inavyoadhimishwa katika parokia ya Kikatoliki, uone kama ni kweli.

Kanisa halianzi na karamu. Linaanza na Majilio, kipindi cha kungoja chenye Jumapili nne. Wakati maduka yameshapambwa na nyimbo za Krismasi zinapigwa hadi kwenye matatu, padri bado amevaa zambarau, na kila Jumapili mshumaa mmoja zaidi unawashwa. Wewe uliyetuma maombi ya kazi tangu Januari bila kujibiwa, habari ya kungoja huhitaji kufundishwa. Kisha kuna foleni ya kitubio. Hapo mwenye gari na mwenye kandambili hupanga mstari mmoja, kila mtu na makosa yake.

Halafu kuna pango. Mtakatifu Fransisko wa Asizi ndiye anayekumbukwa kwa desturi hiyo. Mwaka 1223, katika kijiji cha Greccio nchini Italia, aliomba hori, nyasi kavu, ng'ombe na punda, ili watu waone kwa macho yao jinsi mtoto Yesu alivyozaliwa katika uhitaji. Hori ni chombo cha kulishia mifugo. Na Bethlehemu, kwa Kiebrania, ni "nyumba ya mkate." Ndiyo maana Mkatoliki hatenganishi pango na altare: aliyelazwa mahali pa chakula ndiye anayempokea katika Ekaristi. Pilau na chapati ni tamu, lakini meza yenyewe ni hiyo.

Tena angalia waliokuwa pale. Yosefu na Maria walikuwa safarini na wakakosa nafasi ya kulala. Wa kwanza kupewa habari walikuwa wachungaji, watu wa zamu ya usiku kama bawabu wa ploti yenu. Soma Injili ya Luka uone kama kuna mahali imeandikwa kwamba walibeba zawadi. Hakuna. Walienda mikono mitupu, na hawakufukuzwa.

Mwaka mmoja kibarua changu kiliota nyasi mwezi wa Novemba. Nikaanza kujificha, hata jumuiya nikaacha kwenda. Siku mbili kabla ya Krismasi, mwenyekiti wa jumuiya yetu, mama wa makamo, akanibishia mlango. Nikaanza kujitetea kuhusu mchango. Akanikatiza: "Sijaja kuomba pesa, mwanangu. Tunatafuta mtu wa kutubebea nyasi za pango." Nikabeba. Usiku wa Misa nilikaa karibu na pango hilo nikiwa na shati langu la kazi, na hakuna aliyeniuliza nimeleta nini.

Hiyo ndiyo kazi ya jumuiya ndogo ndogo ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizitilia mkazo tangu miaka ya 1970: majirani wanaojuana kwa majina, wanaojua nani ni mgonjwa, nani amefiwa, nani hajaonekana. Huna unga wa kuchangia? Fagia kanisa, panga viti, imba na kwaya, msindikize nyanya asiyeona vizuri usiku.

Na wewe uliyejaliwa mwaka huu, shika ulimi. Ukimwona kijana aliyepotea miezi kadhaa, usimwambie, "Kumbe leo umekumbuka Mungu?" Msogelee, mpe nafasi kwenye benchi. Tena usimwage pesa zote Desemba ukajuta Njaanuari ikibisha.

Krismasi haiishi tarehe 25. Kesho yake Kanisa linamkumbuka Mtakatifu Stefano aliyeuawa kwa mawe, na tarehe 28 watoto waliouawa na Herode. Machozi hayajafichwa nyuma ya mapambo. Kipindi cha Noeli huendelea hadi sikukuu ya Ubatizo wa Bwana mwezi Januari, kwa hivyo hata ukiikosa siku yenyewe, bado hujachelewa.

Basi washa simu. Mwambie mama ukweli: "Sina kitu, lakini niko." Ukipata nauli, nenda. Ukikosa, parokia iko hapo mtaani kwako. Vaa hilo shati ulilo nalo, uende Misa.