Kuhakikisha Kwamba Mafaili Yaliyotumwa kwa Mtandao Yamefika Kamili

Karani wa ghala hatii sahihi hati ya mzigo kwa sababu tu lori limefika. Huhesabu magunia, huyapima kwenye mizani, na akiwa na shaka hufungua gunia na kutazama kilichomo. Utaratibu huo huo hauna budi kufuatwa wakati chama cha msingi kinaponakili mafaili yake ya kompyuta kwa mtandao kwenda Chama Kikuu. Leja iliyomo ndani ya faili ni mali ya wanachama, kama ilivyo kahawa au pamba iliyomo ghalani.

Kazi ya kunakili yaweza kukatika kwa sababu nyingi: umeme kuzimika, mtandao kupotea, au diski ya mpokeaji kujaa. Ubaya ni kwamba faili lililokatika huenda lisitoe dalili yoyote. Tuseme orodha ya wanachama 600 imeandikwa kwa maandishi ya kawaida. Yaweza kufunguka vizuri, majina yamepangika sawasawa, kumbe imeishia kwa mwanachama wa 540. Siku ya malipo ya pili, watu 60 watafika dirishani na kuambiwa kuwa hawamo.

Kipimo cha kwanza ni idadi. Yakitoka mafaili 48, yafike 48, pamoja na yale yaliyo ndani ya folda ndogo. Kipimo cha pili ni ukubwa, nao uhesabiwe kwa baiti. Ukubwa uliofupishwa kwa megabaiti hautoshi, kwani faili linaweza kupungukiwa na maelfu ya baiti bila tarakimu hiyo kubadilika. Wala isitazamwe nafasi ambayo faili limechukua kwenye diski, maana nafasi hiyo hutofautiana baina ya diski na diski.

Hata hivyo, vipimo hivyo viwili havimalizi kazi. Baadhi ya programu hutenga kwanza nafasi yote ya faili, ndipo zikajaza yaliyomo. Kazi ikikatika, ukubwa huonekana kamili ilhali sehemu ya mwisho ni tupu. Ni kweli kwamba mtandao wenyewe hukagua vipande vya data vinavyopita, lakini ukaguzi huo ni wa njiani tu; hauthibitishi kile kilichoandikwa hatimaye kwenye diski.

Kwa hiyo kipo kipimo cha tatu, nacho ni namba ya uhakiki. Kompyuta husoma faili zima, baiti kwa baiti, na kutoa namba moja. Kwa njia iitwayo SHA-256, namba hiyo huwa na tarakimu na herufi 64, liwe faili dogo au kubwa. Ikibadilika baiti moja tu, hutoka namba nyingine kabisa. Kwenye Windows huandikwa certutil -hashfile, kisha jina la faili, kisha SHA256. Kwenye Linux huandikwa sha256sum na jina la faili. Njia ya zamani ya MD5, iliyotangazwa mwaka 1992, ingali yafaa kugundua makosa ya bahati mbaya. Lakini mwaka 2004 watafiti walionyesha kwamba mafaili mawili tofauti yaweza kutoa namba moja. Basi isitegemewe palipo na hofu ya udanganyifu.

Katibu apate namba hiyo kabla ya kutuma, na baada ya hapo faili lisiguswe. Mpokeaji akokotoe namba yake mwenyewe kutokana na nakala iliyo kwenye diski yake. Kisha namba zilinganishwe kwa njia nyingine isiyokuwa ile iliyoleta faili, kwa mfano simu. Zikitofautiana, faili litumwe upya.

Zikilingana, imethibitika kwamba nakala ni sawa na faili la asili. Haikuthibitika kwamba hesabu zilizomo ni sahihi. Hiyo ni kazi ya mkaguzi. Na faili la asili lisifutwe chamani mpaka Chama Kikuu kimejibu kwa maandishi kwamba namba zimelingana.