Mono, poli au ya hudhurungi: sola ipi kwa bati la Izia?

Mnunuzi wa sola wa Izia, hapa Sumbawanga, ana mali mbili ambazo mpangaji wa ghorofani Kariakoo hana: bati pana na baridi. Zote mbili zinabadilisha hesabu ya paneli, lakini dukani hutazisikia, maana huko huuzwa rangi. "Chukua nyeusi, mama, hiyo ndiyo orijino." Nyeusi ni nzuri kweli. Sijui tu kwa nini ulipie uzuri usiouhitaji.

Nyeusi (mono), ya bluu yenye mabaka (poli) na ile ya hudhurungi iliyopakwa kwenye kioo, zote ni silikoni. Zinatofautiana kwa jinsi atomu zilivyojipanga. Fikiria unakatiza shamba usiku. Penye matuta yaliyonyooka unafuata mfereji mmoja mpaka mwisho: hiyo ni mono, fuwele moja. Poli ni mashamba ya ndugu kadhaa, kila mmoja kapiga matuta upande wake. Ukifika mpakani unaruka, na wengine huteguka mguu hapohapo. Ya hudhurungi ni shamba la ntumba, vile vilima ambavyo Wafipa hufukia majani ndani yake: unazunguka hiki, unapanda kile. Chaji ya umeme nayo husafiri hivyo. Ndani ya fuwele elektroni hupita kwa wepesi unaofika mara elfu moja ya ule wa silikoni isiyopangika, na zinazokwama njiani hazifiki kwenye waya.

Ndiyo maana katika kila sehemu 100 za nguvu ya jua, mono hugeuza kama 20 hadi 22 kuwa umeme, poli 15 hadi 17, ya hudhurungi 6 hadi 8. Kwa wati 100, mono inataka nusu mita ya mraba ya bati, poli mita 0.6 na kidogo, ya hudhurungi karibu 1.4. Kwa nyumba ya Izia, tofauti ya mono na poli juu ya paa ni upana wa sinia. Wati ni wati. Gawa bei kwa wati: kwa mfano tu, mono ya wati 100 ikiuzwa shilingi 130,000, kila wati ni 1,300, poli ya wati 80 kwa 92,000 ni 1,150. Hapo ningechukua ya bluu. Ila viwanda vimehamia mono, na poli iliyobaki huenda imekaa stoo muda mrefu. Kagua boksi la nyuma na waya. Siku nyingine nyeusi ndiyo itakayokuwa rahisi.

Ya hudhurungi huvutia kwa bei ya mkononi, halafu jua lenyewe huidhoofisha: miezi ya mwanzo hupoteza asilimia 10 hadi 30, jambo walilolieleza Staebler na Wronski mwaka 1977. Kiwanda kiaminifu huandika wati za baada ya kutulia. Sifa yake ni kuvumilia joto, kwani paneli za fuwele hupoteza kama asilimia 0.4 kwa kila digrii juu ya 25. Tanga hilo ni jambo. Sumbawanga, karibu mita 1,800 juu ya bahari, upepo wa Juni hupoza paneli bure.

Kuna ya nne, ya polima, ambayo bado usiitegemee dukani. Heeger, MacDiarmid na Shirakawa walipata Nobeli ya kemia mwaka 2000 kwa plastiki inayopitisha umeme. Molekuli zake ni ndefu kama nyasi za kuezekea: chaji hukimbia kufuata unyasi mmoja, lakini kurukia wa pili ni kazi. Utando ukivutwa, nyuzi hulala upande mmoja na mwendo huongezeka upande huo. Kwa paneli hilo halitoshi, kwa sababu chaji inatakiwa kushuka kutoka juu ya utando hadi chini. Molekuli zinatakiwa zilale bapa, moja juu ya nyingine, kama vitenge vilivyokunjwa kabatini. Ukiuziwa "sola ya plastiki" inayopindika, mara nyingi ni silikoni iliyovikwa plastiki. Ilipie bei ya silikoni.

Kabla ya kulipa, toa futi. Jua kali la mchana hutoa kama wati 1,000 kwa mita ya mraba. Paneli ya sentimita 60 kwa 50 hupokea wati 300. Ikiandikwa wati 100 inadai theluthi nzima, wakati silikoni bora ya maabara iko karibu na asilimia 27. Kisha fundi apime kwa mita, saa sita, jua likiwa wazi: paneli ya wati 100 ya mfumo wa volti 12 hutoa kama ampea 5 hadi 6. Muuzaji akikataa paneli isitoke nje ya duka, toka wewe.